Spiriti, DDT na Mto Songhua: Kemikali Ikiingia Majini Inakaa Muda Gani?

Mwaga spiriti kidogo kiganjani, sekunde chache tu imeshapotea na mkono umebaki wa baridi. Weka unga wa DDT mezani, ile dawa ya wadudu ya zamani, urudi mwakani utaukuta upo pale pale. Sasa vitu hivi viwili vitie majini, kidogo sana mpaka viyeyuke kabisa, halafu jiulize kipi kitatoka majini kwenda hewani mapema zaidi. Karibu kila ninayemuuliza anajibu spiriti na hasiti hata kidogo, na namwelewa kabisa, lakini kiukweli vinakaribiana, na kuna hesabu maarufu tu ambayo ukiifuata DDT inatoka mapema kuliko spiriti.

Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Watu tunapima kemikali kwa pua na kwa mkono, ikinuka sana na kukauka haraka tunasema hiyo itapaa yenyewe, isiponuka tunasema hiyo imezama imekaa. Kwenye maji kipimo hicho kinakudanganya. Swali la maana ni maji yenyewe yanaishikilia kemikali hiyo kwa nguvu gani. Ethanoli, yaani spiriti, inaelewana na maji kwa kiwango chochote, changanya nusu kwa nusu, changanya moja kwa mia, haitengani. DDT maji hayaitaki kabisa, gramu moja tu ukitaka iyeyuke yote unahitaji kama lita 180,000 za maji. Presha ya mvuke, yaani nguvu ya kemikali kugeuka mvuke ikiwa peke yake, kwa ethanoli ni kubwa kuliko ya DDT kama mara milioni 400 hivi (paskali 7,900 kwa 0.00002, zote kwa nyuzi joto 20 hadi 25), ila maji yanavuta ethanoli kwa nguvu na DDT yanaisukuma nje, mwisho wa siku vinakutana karibu sehemu moja.

Aliyetupa njia ya kuliweka hili kwenye namba ni William Henry wa Manchester, mwaka 1803, yeye alikuwa anashughulika na gesi kuyeyuka kwenye maji, lakini kanuni yake ndiyo hii hii tunayoitumia kwa kemikali. Na namba ya Henry ni rahisi kuipata kuliko watu wanavyodhani. Unachukua presha ya mvuke ya kemikali ikiwa peke yake, unagawa kwa kiasi cha juu kinachoweza kuyeyuka majini, basi. Tuchukue benzini, ile iliyomo ndani ya petroli na inayosababisha saratani ya damu. Kwa nyuzi 25 presha yake ni kama paskali 12,700. Inayeyuka gramu 1.79 kwa lita, sawa na gramu 1,790 kwa mita moja ya ujazo, gawa kwa uzito wa moli ambao ni 78 unapata kama moli 23. Gawa 12,700 kwa 23 unapata kama 550. Hiyo ndiyo namba ya Henry ya benzini. Ukitaka kuielewa zaidi igawe tena kwa 2,479 (ni 8.314 mara 298.15, joto la Kelvini) unapata 0.22, maana yake ukifungia maji na hewa pamoja mpaka vitulie, kila lita ya hewa itakuwa na asilimia 22 ya benzini iliyomo kwenye kila lita ya maji. Hiyo ni kubwa sana. Kwa ethanoli, ambayo haina kikomo cha kuyeyuka na hivyo namba yake inapimwa moja kwa moja, namba ya kwanza (ile ya Henry) ni kama 0.5 tu, wala si 550. Kwa DDT ni kama 0.8.

Mimi nimekaa na hesabu hizi muda mrefu na bado hiyo 0.5 na 0.8 kukaa jirani inanishangaza.

Sasa namba ya Henry inakwambia kemikali inataka kwenda wapi, haikwambii itafika lini. Kwa habari ya muda tunaenda kwa Walter Whitman na Warren Lewis wa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1923 na 1924, walikuja na wazo la matabaka mawili. Walisema pale maji yanapokutana na hewa kuna ngozi nyembamba ya maji yaliyotulia, sehemu ndogo sana ya milimita, na juu yake kuna ngozi nyingine ya hewa iliyotulia. Kemikali ikitaka kutoka lazima ipite zote mbili, ni kama watu wanaotoka uwanjani kwa kupitia mageti mawili yanayofuatana, geti lenye foleni ndilo linaloamua mtafika nyumbani saa ngapi, lile lingine hata ulipanue namna gani haisaidii. Benzini foleni yake iko geti la maji. Ethanoli, anilini (kemikali nyingine ya viwandani) na wenzake foleni yao iko geti la hewa. Hili si jambo la darasani tu, maana geti la maji linafunguliwa na msukosuko wa maji, maporomoko, mawe, kumimina kutoka ndoo hii kwenda ile, na geti la hewa linafunguliwa na upepo unaopita juu. Kwa hiyo ukikoroga maji yenye anilini hata ukakoroga mpaka jioni umechoka bure.

Mwaka 1974 wanasayansi Liss na Slater wakaweka kasi za matabaka hayo kwa bahari, sentimita 20 kwa saa upande wa maji kwa kaboni dayoksaidi, na sentimita 3,000 kwa saa upande wa hewa kwa mvuke wa maji. Mwaka uliofuata Donald Mackay, Mskoti aliyekuwa anafundisha Toronto, na Leinonen wakazichukua, wakazirekebisha kwa kipeuo cha pili cha uzito wa molekuli (kubwa inatembea polepole), wakauliza, maji yenye kina cha mita moja, kemikali itapungua nusu baada ya muda gani? Benzini ikatoka saa 4.8. Nimeirudia hesabu hiyo kwa kalkuleta ya simu, inakuja ile ile, saa 4.8, kila mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne anaweza kuifanya na hilo ndilo linalonifurahisha, si siri ya wakubwa. DDT wakaipata kama saa 74, yaani siku tatu. Ethanoli kwa fomyula hiyo hiyo naipata siku saba na nusu na kidogo.

Ila hapo kwenye DDT simama kidogo. Mwaka ule walitumia umumunyifu, yaani kiasi cha juu kinachoweza kuyeyuka, wa mikrogramu 1.2 kwa lita. Namba inayotumika sana sasa ni kama 5.5. Na namba ya Henry iliyopimwa moja kwa moja baadaye ni kama 0.8 wakati wao ilikuwa inawajia karibu 4. Weka 0.8 kwenye fomyula ile ile, siku tatu zinageuka kuwa karibu siku kumi na nne. Fomyula haijabadilika hata herufi moja, kilichobadilika ni kipimo cha kitu ambacho ni kigumu sana kupima kwa sababu hakiyeyuki, kinaganda kwenye kuta za chupa, kinajificha kwenye vumbi. Na bado hatujagusa tope. DDT kwenye ziwa la kweli inang'ang'ania matope na mimea iliyooza, na iliyokwisha kung'ang'ania haipo kwenye foleni ya geti lolote, kwa hiyo ukisoma mahali "siku tatu" ujue ni siku tatu za maji masafi yasiyo na chembe ya udongo. Maji ya namna hiyo sijayaona kwenye mto wowote.

Kisa kinachonionyesha haya yote kwa pamoja ni cha China, 2005. Tarehe 13 Novemba kiwanda cha petrokemikali mjini Jilin kililipuka, watu wakafa, na kama tani 100 za benzini, nitrobenzini na anilini zikaingia mto Songhua. Kilomita 380 hivi kwa kufuata mto kuna jiji la Harbin, zaidi ya watu milioni 3 wakinywa maji ya mto huo huo. Tangazo la kwanza kwa wakazi lilisema maji yatakatwa kwa matengenezo ya mabomba. Baadaye ndipo ukweli ukatoka, watu wakagombania maji ya chupa madukani, mabomba yakafungwa siku kama nne mpaka tarehe 27, na huku mkanda wa uchafu wenye urefu wa kilomita 80 unapita taratibu mbele ya jiji.

Angalia kemikali zenyewe. Benzini na nitrobenzini zinayeyuka majini karibu sawa, zote kama gramu mbili kwa lita. Tofauti ni presha, nitrobenzini ni paskali 33 tu. Fanya ile hesabu yetu, 33 gawa kwa moli kama 15, unapata namba ya Henry kama 2, wakati benzini ni 550. Kwa mto wa mita moja wenye nyuzi 25, nitrobenzini inapungua nusu kwa kama siku tatu, na anilini, ambayo namba yake ni kama 0.2, inachukua karibu mwezi mzima. Kemikali tatu kutoka kiwanda kimoja, siku moja, mto mmoja: saa tano, siku tatu, mwezi. Mtu akikwambia "kemikali zitapaa" muulize ipi.

Halafu ilikuwa Novemba kaskazini mwa China, mto unaanza kuganda. Namba ya Henry inashuka na baridi, ya benzini kutoka nyuzi 25 mpaka karibu na sifuri inabaki kama theluthi yake, na ya nitrobenzini inashuka zaidi ya hapo. Na athari hazilingani! Benzini foleni yake iko geti la maji, kwa hiyo namba ya Henry ikishuka mara tatu bado haiumii sana kwa hilo. Nitrobenzini foleni yake iko geti la hewa, namba ya Henry ikishuka mara tatu basi na kasi inashuka karibu mara tatu, siku tatu zinakuwa tisa, kumi. Juu yake weka barafu. Barafu ikifunga uso wa mto hakuna geti tena, hesabu yote ya muda wa kupungua nusu inasimama hapo. Ndiyo maana nitrobenzini ndiyo iliyobaki kuwa tatizo, karibu na Harbin ilipimwa zaidi ya mara 30 ya kiwango kinachoruhusiwa, ikaendelea na safari, ikaingia mto Amur, ikafika Khabarovsk upande wa Urusi mwezi Desemba, zaidi ya mwezi mmoja baada ya mlipuko. Kilichoiokoa Harbin ni makaa maalum ya kuchujia yaliyomwagwa kwa wingi kwenye mitambo ya maji. Wahandisi waliofanya ile kazi usiku na mchana nawaheshimu sana. Ila waliotangaza matengenezo ya mabomba walichezea muda ambao familia zingeutumia kujaza madumu kwa utulivu.

Kwetu baridi si shida. Zile nyuzi 25 zinazoandikwa kwenye majedwali yote ya kemia ndizo nyuzi za Ziwa Victoria hasa, kwa hiyo namba za Henry tunazisoma zilivyo bila kurekebisha, na hilo ni jambo zuri. Shida yetu ni kina. Muda wa kupungua nusu unaongezeka sawasawa na kina, mita mbili muda mara mbili, mita kumi mara kumi. Ziwa Victoria lina kina cha wastani wa mita 40, zile saa 4.8 za benzini zinakuwa siku nane, na hapo tumejifanya kwamba maji ya juu na ya chini yanachanganyika vizuri muda wote, jambo ambalo ziwa halifanyi. Kwa hiyo namba ya mto wa mita moja usiichukue ukaibandika ziwani.

Na kuna visima. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu naliona mitaani. Sheli inajengwa, tangi linafukiwa chini, miaka inapita, tangi linavuja, kisima cha jirani kinaanza kutoa maji yenye harufu ya petroli, na ushauri wa kwanza ambao familia inapewa na watu wenye nia njema kabisa ni kwamba chota, acha ndoo wazi usiku kucha, asubuhi itakuwa imepaa. Tufanye hesabu. Ndoo ya lita 20 ina kina cha kama sentimita 30, kwa kasi ya mto benzini ingepungua nusu kwa saa moja na nusu, lakini ndani ya nyumba hakuna mkondo wala upepo, maji yametulia tuli, geti la maji limefungwa karibu kabisa, kwa hiyo muda unarefuka mara kadhaa. Tuseme maji yana miligramu 1 ya benzini kwa lita. Kiwango cha WHO cha maji ya kunywa ni miligramu 0.01. Kushuka mara mia kunataka kupungua nusu karibu mara saba mfululizo, si mara moja. Asubuhi harufu imepungua, mama anaonja anaona sawa, na benzini bado ipo juu ya kiwango.

Na ile iliyopaa imekwenda wapi? Ndoo hiyo ilikuwa na miligramu 20 za benzini. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina hewa mita za ujazo 22.5. Madirisha yakifungwa kwa sababu ya mbu na benzini yote ikitoka, hewa inafika karibu mikrogramu 900 kwa mita ya ujazo. Umoja wa Ulaya kiwango chao cha hewa ya nje kwa wastani wa mwaka ni 5. Mtoto amelala humo humo. Kwa hiyo jamani, kama maji yananuka petroli, usiyaingize chumbani kabisa, wala usiyachemshe jikoni kwenye moshi na mlango umefungwa, maana joto linaifukuza benzini haraka zaidi na wewe umeinamia sufuria. Kumimina nje penye upepo, ndoo kwa ndoo, mara nyingi, kunapunguza kweli, na mitambo mikubwa ya kusafisha maji ya ardhini inafanya kitu hicho hicho, maji yanamwagwa kutoka juu ya mnara na hewa inapulizwa kutoka chini. Lakini mnara una vipimo na ndoo haina, na chanzo bado kinavuja. Kisima hicho ni cha kuachwa mpaka kipimwe.

Kuna hali nyingine ngumu zaidi, pale ambapo kemikali haijapimwa vya kutosha. Tarehe 9 Januari 2014, Charleston, West Virginia, tangi kando ya mto Elk lilivuja kemikali ya kusafishia makaa ya mawe inayoitwa kwa kifupi MCHM, maji ya watu kama 300,000 yakanuka harufu tamu tamu ya likorisi, wakaambiwa msiyanywe, msiyaoge, msipikie. Taarifa za kemikali hiyo zilikuwa chache mno. Katika hali kama hiyo wataalamu wanakadiria namba ya Henry kutokana na umbo la molekuli, kila muungano wa atomi unapewa alama yake, kaboni na haidrojeni inasukuma kwenda hewani, oksijeni na haidrojeni inavuta kurudi majini, unajumlisha unapata makadirio. Njia hiyo ilianzishwa na Hine na Mookerjee mwaka 1975, Meylan na Howard wakaiboresha 1991, na leo imo kwenye programu ya bure ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, inayoitwa EPI Suite, unaingiza molekuli inakupa muda wa mto na muda wa ziwa. Mto wao una kina cha mita 1, mkondo mita 1 kwa sekunde, upepo mita 5 kwa sekunde. Ziwa lao nalo kina mita 1, upepo nusu mita kwa sekunde. Programu nzuri sana, naitumia, lakini watu wananakili ile namba ya mwisho na kuiweka kwenye ripoti bila kubadilisha kina, na namba hizo zinaweza kubadilishwa pale pale kwenye ukurasa, ni sekunde kumi tu.

Kule Charleston wakazi walipoambiwa wasuuze mabomba, maelekezo yalikuwa maji ya moto dakika 15, ya baridi dakika 5. Januari, madirisha yamefungwa, maji ya moto yanatiririka dakika 15 bafuni. Mtafiti Andrew Whelton na wenzake waliofuatilia baadaye walieleza kwamba kusuuza kwenyewe kuliwaweka watu kwenye mvuke wa ile kemikali, na wengine waliugua. Hata kemikali yenye namba ndogo ya Henry inatoka ukiipa joto na matone.

Hesabu zote hizi zinaanza na namba moja, kiasi kilichomo majini sasa hivi, na hapo ndipo sampo nyingi zinapoharibika kabla hazijafika maabara. Mtu anakuja na chupa ya maji ya dukani imejazwa nusu, imekaa kwenye bodaboda juani. Nusu maji nusu hewa, kwa ile 0.22 yetu asilimia 18 ya benzini tayari iko kwenye hewa ya chupa, na ukifungua kifuniko imekwenda, na joto la jua linaongeza zaidi. Chupa inayofaa ni ile ndogo ya kioo ya mililita 40. Unaijaza taratibu maji yakishuka kwa kufuata ukuta wa chupa, unaendelea mpaka maji yanasimama juu ya mdomo kama kilima kidogo, ndipo unatelezesha kifuniko na kukaza. Igeuze juu chini, igonge kwa kidole, angalia. Ukiona kiputo kinapanda, mwaga, chukua nyingine. Iweke kwenye deli lenye barafu, jaza mbili kwa kila kisima ili moja ikiharibika usirudi tena, na ipeleke siku hiyo hiyo. Na kama umeletewa majibu ya "hakuna kilichoonekana" kutoka kwenye chupa iliyofika nusu, usiiambie familia kwamba maji ni salama, nenda kachukue sampo upya.